Msamaha wa Kodi na Nguruwe wa Jirani

Wiki iliyopita mliniacha mezani nimeshika bahasha ya ofisi ya mji, kahawa imenipalia, na mdogo wangu Rosaire ananigonga mgongoni pale pale nilipovunjika.

Kwa aliyenikuta leo: mimi ni Laurette Gagné. Nilikuwa dereva wa basi la shule hapa Lacasse Falls mpaka majira ya baridi ya mwaka juzi, nilipopanda juu ya nyumba kufukua theluji nikashuka bila kutumia ngazi. Uti wa mgongo ukaenda. Tangu siku hiyo miguu yangu ni magurudumu.

Rosaire akaja kunisaidia kwa wiki mbili. Bado yupo.

Ni seremala wa kujitangaza mwenyewe, lakini haki yake nitampa. Alinijengea mteremko wa mbao kutoka barabarani hadi mlangoni, akapitisha nyaya za joto chini yake ili barafu isigande. Akanitafutia beseni kubwa la kuogea lenye mlango ubavuni, unaingia ukiwa umekaa. Akafunga na lifti ndogo ya kunipandisha chumbani, kwa mota aliyoing'oa kwenye ghala la viazi.

Sasa ile bahasha. Ofisi ya mji ilikuwa imeandika upya thamani ya nyumba. Mteremko wangu uliitwa "baraza ya kifahari yenye kupashwa joto". Beseni likaitwa jakuzi. Na lifti, eti "lifti binafsi", kama vile nakaa hotelini.

Jimbo letu la New Hampshire halikukati kodi kwenye mshahara wala dukani. Mzigo wote inabebeshwa nyumba. Kwa kodi ile mpya, nyumba aliyoijenga baba ingeuzwa kabla theluji haijayeyuka, na mimi ningepelekwa kwenye yale makazi ya wazee ambako chakula cha jioni ni saa kumi.

Nikaenda kwa mthamini.

Mthamini wetu ni bwana Winslow Tuttle, mtu mrefu, mwembamba, wa kushika neno la sheria mpaka linalia. Ofisi yake ina ngazi na hakuna njia nyingine, kwa hiyo tulizungumzia ulemavu wangu huko nje barabarani, kwenye baridi, yeye kashika faili, mimi nimeshika pua.

"Msamaha upo," akasema. "Marekebisho yaliyofanywa kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu hayahesabiwi kwenye kodi."

"Ndiyo hayo yangu."

"Inawezekana. Ila nimesikia mengine."

"Umesikia nini?"

"Kwamba nyumba yako inaingiwa na watu kuliko kanisa." Akakohoa. "Mama Gagné, sikulaumu. Lakini vitu hivyo lazima viwe vya kukusaidia wewe. Vikiwa vya kustareheshea mji mzima, basi ni starehe, na starehe inalipiwa kodi. Alhamisi nitakuja kuangalia."

Nikamwambia karibu sana. Nikageuza kiti kabla hajaona uso wangu.

Maana hapa sasa lazima nieleze ukweli, na ukweli wenyewe hauna nguo.

Mji mzima ulikuwa umependa vitu vyangu.

Shangazi Blanche, dada wa baba, ana miaka themanini na kitu na mabomba ya kwake huganda kila mwaka. Kila Alhamisi huja kujilaza kwenye beseni langu mpaka anakunjamana kama plamu kavu, huku akiimba nyimbo za Krismasi bila kujali mwezi.

Jirani yangu Onésime Fournier, mwanamume aliyefiwa na mke, ana nguruwe jike anayeitwa Duchesse. Si wa kuchinjwa. Ni wa moyoni. Daktari wa mifugo alisema Duchesse amenenepa kupita kiasi na anahitaji kupanda mlima mdogo kila siku. Mtaa mzima, mlima pekee usio na barafu ni mteremko wangu.

Na Rosaire, baada ya kugundua kwamba kwenye tundu la lifti kuna baridi kavu nzuri, alining'iniza mle soseji za kulungu.

Jioni ile niliwaita wote jikoni.

"Alhamisi," nikasema, "nyumba hii ina mlemavu mmoja na hakuna mtu mwingine. Mmenielewa? Nataka upweke. Nataka mtu akiingia hapa alie."

"Na kuoga kwangu?" akauliza shangazi.

"Shangazi, oga Ijumaa."

"Ijumaa ni siku ya karata."

"Jumamosi basi."

"Jumamosi nitakuwa nimeshaanza kunuka, Laurette. Mimi ni mtu wa watu."

Onésime akavua kofia, akaitazama ndani. "Duchesse ana ratiba yake, jirani. Akikosa siku moja anavimbiwa na moyo."

"Onésime, nguruwe havimbiwi na moyo."

"Wewe humjui."

Rosaire peke yake ndiye aliyeinua mkono kama mtoto wa shule. "Dada, soseji nitazitoa. Nakuahidi kwa jina la mama."

Mama yetu alikufa akisubiri ahadi za Rosaire.

Alhamisi ikafika na mawingu yake ya theluji. Nilivaa sweta iliyotoboka. Nikazima redio. Nikaweka picha ya baba mahali pa kuonekana. Nilikuwa mpweke wa kupigiwa mfano.

Bwana Tuttle akaja mapema. Watu wa sheria ndivyo walivyo, wanaiba nusu saa.

Akapanda mteremko bila tatizo. Duchesse hakuwepo. Akaupima, akakanyaga, akaguna. "Umejengwa vizuri," akasema, na Rosaire kule dirishani akavimba kama andazi.

"Naomba sasa nione bafu."

Nikatangulia. Nilikuwa nimefika katikati ya ukumbi niliposikia wimbo wa kuzaliwa Bwana ukitoka nyuma ya mlango.

"Kuna mtu?" akauliza.

"Redio," nikasema.

Redio ikasema, "Rosaire, niletee sabuni."

Bwana Tuttle akasukuma mlango. Shangazi Blanche alikuwa amezama hadi kidevuni, povu limemfunika kama keki, kofia ya plastiki kichwani. Licha ya amri zangu zote, alikuwa amepitia mlango wa nyuma.

Hakushtuka hata kidogo. Shangazi alikuwa muuguzi wa shule kwa maisha yake yote ya kazi, na amewaona wanaume wote wa mji huu wakiwa wamevuliwa mashati.

"Winslow Tuttle," akasema. "Wale chawa waliisha?"

Masikio ya bwana Tuttle yakawa mekundu kama nyanya. "Waliisha, mama."

"Vizuri. Funga mlango, baridi inaingia."

Akafunga. Akasimama pale akiutazama mlango kana kwamba utaomba radhi. Kisha akatoa kalamu.

"Ni shangazi yangu," nikasema upesi. "Mabomba yake yameganda. Ni leo tu."

"Anaonekana anajua sabuni inakaa wapi."

Nikamwambia twende tukaione lifti, huko juu kuna chumba changu, huko juu ataona vifaa vya kweli, vile visivyoimba.

Tukaingia lifti. Ni ndogo, kiti changu kikiingia, mtu wa pili anasimama amebana mikono kama amekufa. Rosaire akafunga geti kwa nje. Nilimwona usoni. Alikuwa na ile sura yake ya mama kufa akisubiri.

Tukaanza kupanda, na soseji zikaanza kushuka. Si kwamba zilianguka. Sisi ndio tuliokuwa tunazifuata. Zilikuwa zimening'inia ukutani mwa tundu, safu kwa safu, zikipita mbele ya pua ya bwana Tuttle taratibu kama maandamano.

Alizihesabu mpaka safu ya mwisho.

"Mama Gagné," akasema, kwa upole ulionitisha zaidi kuliko ukali. "Nasikitika. Nimekuja na nia njema, lakini hili ni jiko la nyama, na kule ni bafu la umma. Sioni namna ya..."

Hapo nikabonyeza kitufe cha kusimamisha.

Hilo ndilo ninaloungama leo mbele yenu wote. Haikukwama yenyewe. Niliisimamisha mimi, kwa kidole changu, nikamfungia ofisa wa mji kati ya sakafu na sakafu.

"Nini hiki?" akauliza.

"Mota," nikasema. "Ya viazi. Huchoka."

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeitunga kitandani, yenye machozi mahali pake. Nikafungua mdomo, hotuba yote ikapotea. Nikabaki namwangalia mtu mzima aliyebanwa kati ya kiti changu na soseji, na njaa imemjaa machoni.

"Kula," nikamwambia. "Zimeshakauka."

"Niko kazini."

"Nani atakuona?"

Akala. Kwanza kwa adabu, kisha bila adabu. Na mimi nikasema yaliyokuwepo.

"Bwana Tuttle, nilipotoka hospitali, Rosaire alinibeba mgongoni kunipandisha ngazi. Aliniangusha. Baadaye nikalala jikoni, kwenye godoro. Watu walikuwa wanakuja na pai za nyama, wanasimama pale barazani, wanasema 'pole Laurette', wananipa pai kupitia mlango nusu wazi, wanakimbia. Nilikula pai mpaka nikachukia unga. Sikumwona mtu akikaa."

Akaacha kutafuna.

"Ulipojengwa mteremko, Onésime alikuja na nguruwe wake. Mimi nikamfokea. Kesho yake akaja tena. Kisha shangazi akaja kuoga. Siwezi kuwafukuza. Nimejaribu, wewe mwenyewe umeona. Kama sheria inataka niwe peke yangu ndani ya nyumba ndipo nihesabiwe mlemavu, basi iandike hivyo kwa wino, nami nitalipa."

Soseji moja ikayumba.

"Sheria haisemi hivyo," akasema mwishowe, polepole, kama mtu anayejisomea upya. "Sheria inasema marekebisho yawe ya kumsaidia mwenye ulemavu. Haisemi yamsaidie kufanya nini." Akajifuta vidole kwa leso. "Kama yanamsaidia kupata wageni, huo nao ni msaada. Ninaweza kulitetea hilo. Sitalala usingizi, lakini ninaweza."

Nikataka kumbusu. Badala yake nikabonyeza kitufe ili tuendelee.

Lifti haikuendelea.

Nikabonyeza tena. Mota ikatoa sauti ya ng'ombe, ikanyamaza. Mungu si mzembe. Alikuwa amesikia uongo wangu kuhusu mota akaupa uhai.

"Rosaire," nikaita.

"Naam, dada."

"Lifti imekwama."

"Naona. Imekwama kweli, au imekwama ile uliyosema utaikwamisha akileta ubishi?"

Bwana Tuttle akageuza shingo akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Nawashangaza: mtu yule akacheka. Kwanza puani, halafu mabega, halafu lifti nzima ikatikisika. Alisema tangu aanze kazi ameshafukuzwa na mbwa, amemwagiwa maji ya vyombo, lakini hajawahi kutekwa nyara akiwa analishwa.

Rosaire akatushusha kwa mkono, kwa gurudumu la dharura, akisimama kila baada ya kidogo kupumua na kulalamika. Tulipofika chini, mambo yalikuwa yamekwisha. Bwana Tuttle alinipa mkono. Alisema atapeleka pendekezo lake kwenye halmashauri ya mji, na mwenyekiti akikubali, nyumba yangu imepona.

Akafungua mlango, akatoka mteremkoni. Theluji ilikuwa imeanza kumwagika kwa ndoo.

Na kutokea chini, akiwa na haraka kwa sababu amechelewa ratiba, akaja Duchesse.

Sijui kama mmewahi kumwona nguruwe wa uzito ule akipanda kwa moyo mmoja. Hapigi kona. Onésime alikuwa nyuma, ameshika kamba, anavutwa kama kishada.

"Simama upande," akasema Onésime.

Hakukuwa na upande.

Bwana Tuttle aliruka. Nadhani alikusudia kumpita juu. Alitua mgongoni mwa Duchesse akiwa ameangalia nyuma, akasafiri naye mpaka mlangoni pangu, na hapo Duchesse akakata shauri kwamba amefika kileleni, akageuka kushuka. Bwana Tuttle hakugeuka naye.

Kifundo cha mguu wake kikalia kama kijiti kinachovunjika.

Shangazi Blanche akatoka na joho la kuogea, akamshika mguu, akaubinya huku na huku. "Haujavunjika vipande," akasema. "Ila kuukanyaga ni ndoto. Mwingizeni."

Tukapiga simu hospitali. Wakasema barabara ya bonde imefungwa kwa theluji, mguu uwekwe juu, asubiri asubuhi. Kwa hiyo bwana Tuttle akalazwa sebuleni kwangu, mguu juu ya matakia. Shangazi akamfunga bandeji, akala, akaenda kulala mapema hapa hapa kwangu, kama kawaida yake siku ya kuoga.

Ndipo bwana Tuttle akaomba simu yangu. Akapiga nyumbani.

"Muriel, gari limekwama," akasema. "Hapana, usihangaike. Nitalala kituo cha zimamoto na vijana. Ndiyo, nimevaa soksi nzito."

Akakata. Nikamtazama.

"Kituo cha zimamoto?"

"Mama Gagné," akasema kwa sauti ya chini, "unamjua mwenyekiti wa halmashauri?"

Nilikuwa nimesahau. Muriel Tuttle. Mwenyekiti wa halmashauri ya mji ni mke wake.

"Muriel ni mtu wa haki," akasema. "Haki tupu, bila chumvi. Akijua nimelala kwa mtu mwenye kesi mbele yake, nimekula soseji za mtu huyo, ombi lako atalitupa jikoni likachomwe. Na mimi atanifuatisha."

"Kwa hiyo tunafanyaje?"

"Asubuhi barabara ikifunguliwa, Rosaire ananipeleka zimamoto, naonekana nikitoka pale. Hakuna atakayejua."

Mpango ulikuwa mzuri. Kasoro yake ni moja tu, kwamba hakuna aliyekumbuka kumwamsha shangazi Blanche ili aelezwe.

Asubuhi jua likatoka. Katapila la mji lilikuwa limepita mapema na kulifukia gari la bwana Tuttle chini ya mlima wa theluji, halionekani hata taa. Yeye mwenyewe alikuwa ananuka. Sitaki kuwa mkali, lakini alikuwa amempanda nguruwe. Akasema hawezi kuonekana kituo cha zimamoto na harufu ile, na kama ingewezekana aoge.

Rosaire akamkalisha kwenye kiti changu cha akiba, akamsukuma mpaka bafuni, akamfungulia ule mlango wa beseni. Baada ya muda tukasikia mtu akipumua kwa raha isiyo na kifani.

"Rosaire," sauti ikasema ndani, "hiki kitu hakistahili kutozwa kodi kabisa."

Rosaire akatoka kwenda kuchimbua gari. Mimi nikawa nakaanga chapati za unga wa ngano nyeusi, nimefurahi, hata nikaanza kuimba zile za Krismasi.

Mlango ukagongwa.

Alisimama pale mwanamke mfupi, koti la kijivu, buti safi. Muriel Tuttle. Hakuja kwa hasira. Hilo lilinitisha zaidi.

"Samahani kwa kuja bila taarifa, Bi Laurette. Mume wangu alikukagua jana, na mimi nina kawaida ya kujionea mwenyewe kabla ya kupiga kura. Nimeona barabara imefunguliwa."

"Yuko wapi bwana Tuttle?" nikauliza. Swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza.

"Kituo cha zimamoto, maskini. Nitampitia baadaye." Akafuta buti. "Sitakuchosha. Nataka tu kuona hivi vifaa vinavyomsaidia mlemavu wa nyumba hii kila siku."

"Leo si siku nzuri," nikasema. "Kuna... mabomba."

Shangazi Blanche akatokea ukumbini, nywele zimesimama, taulo begani. Amelala vizuri. Hajui kitu. Anapenda wageni.

"Mabomba yako salama kabisa," akasema. "Ingia, Muriel. Umekuja kuona beseni likifanya kazi? Umefika wakati wake hasa. Mlemavu yumo ndani sasa hivi."

Muriel akanitazama mimi niliye kwenye kiti. "Kumbe mko wawili?"

"Tangu jana," akasema shangazi.

"Shangazi," nikasema.

"Kijana wa watu, mguu umevimba kama kibuyu. Lakini amepata raha humo, msikie." Na kwa ukarimu wake wote akamwekea mwenyekiti wa halmashauri ya mji taulo mkononi. "Nenda moja kwa moja. Mpelekee na hili, usije ukafanya safari mbili."

Nikasukuma magurudumu kumkatia njia. Chapati ikaanza kuungua nyuma yangu. Gurudumu la kulia likanasa kwenye zulia, zulia lile lile nililomkataza Rosaire kuliweka, na Muriel akanipita kwa heshima, akiomba samahani.

Hatua zake zikasikika mpaka bafuni. Na aliyekuwa ndani akazisikia.

"Laurette, ni wewe?" akaita bwana Tuttle, kwa sauti laini ya mtu aliyezama hadi shingoni. "Ingia tu, usione haya. Maji yamepoa, njoo uniongezee ya moto."

Muriel akalitazama taulo. Akanigeukia, akanitazama mimi kutoka juu hadi chini.

Kisha akashika kitasa.